Mguu wa Baba Mkwe

Watu wengine huogopa nyoka, wengine huogopa radi. Mimi niliogopa mguu wa baba mkwe wangu, ule wa kushoto, na sioni haya kusema hivyo. Niliuogopa ukiwa umefunikwa blanketi, nikauogopa zaidi ulipofunuliwa. Nikiwa shambani nachuma chai ningeuona mbele yangu juu ya vichaka, umelala tu, mzito, ukingoja nirudi nyumbani. Vidole vyangu vilikosa majani niliyokuwa nikiyatazama.

Sisi ni Wakisii wa hapa Chepilat, mahali ambapo jirani wa juu ni Mkisii, jirani wa chini ni Mkipsigis, na ng'ombe wenu hunywa kijito kimoja. Baba mkwe alinunua kipande chetu akiwa kijana na kupanda kila mche wa chai kwa mkono wake. Mama mkwe alishatangulia. Watoto wangu wako shule za bweni. Mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha chai kule karibu na Kapsoit, huja Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuanza, na kuondoka Jumapili. Kwa hiyo siku za kazi tulikuwa wawili katika boma lile: mzee katika nyumba yake, mimi katika yangu.

Na kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haingii chumba anacholala, hakalii kiti ambacho mzee ametoka kukalia. Tunaiita chinsoni, nayo si chuki, ni aibu na heshima zilizosukwa pamoja. Miaka yote niliyokaa pale tulisalimiana kwa mbali, yeye akiangalia mlima na mimi nikiangalia vidole vya miguu yangu. Na tulipendana. Nasema hivyo kwa sababu watu wa mjini wakisikia habari hizi hudhani tulikuwa maadui.

Kiharusi kilimshika asubuhi akivaa gambuti, viatu vyake vya mpira, aende kuchuma. Baba mdogo, yaani ndugu yake ambaye shamba lake linapakana na letu, ndiye aliyemkuta sakafuni. Hospitalini walikaa naye mpaka hatari ikapita, kisha wakaturudishia mtu ambaye upande wa kulia ni mzima na upande wa kushoto ni kama wa mtu mwingine aliyelala usingizi. Maneno yake yalitoka yamekunjamana, moja moja. Walituambia tumrudishe kwa kliniki ya mazoezi. Tulilisikia hilo neno mazoezi tukaona ni mambo ya wanariadha. Mgonjwa hupumzika, hilo tulilijua tangu kuzaliwa.

Basi akapumzika. Asubuhi, kabla watu hawajaenda kuchuma, baba mdogo alikuja na jirani mmoja, wakamshika mzee mikono, huyu huku na huyu kule, wakamvuta hadi akakaa, wakamsafisha, wakambadilisha nguo. Jioni wakirudi kutoka kituo cha kuuzia majani walifanya vivyo hivyo. Mchana wote alilala chali akitazama mabati. Mimi nilileta uji wa wimbi hadi mlangoni, nikakohoa, nikanyoosha mkono bila kuvuka kizingiti na kuweka kikombe juu ya stuli ambayo aliifikia kwa mkono wake mzima, nikaondoka nikiwa nimeinamisha kichwa. Uji nusu uliingia kinywani na nusu shingoni. Nilijua kwa sababu nilikuwa nikifua mashuka.

Halafu bega likaanza. Lilikuwa bega la kushoto, upande ule ule tuliodhani hauhisi kitu. Walipomvuta asubuhi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Baba mdogo alitoka nje akifuta jasho, akasema ni ugonjwa unatembea mwilini. Watu wa kanisa walikuja kumwombea, na kila mmoja kwa upendo wake akamsalimia kwa mkono ule ule uliolala, akautikisa vizuri. Mzee alifumba macho na machozi yakamtoka. Wakasema Roho anafanya kazi.

Mchana nilikuwa nikisimama nje ya dirisha lake nikisikiliza kama anapumua. Nikisikia pumzi nilirudi kwa vyombo vyangu. Nisiposikia, nilikohoa kwa nguvu mpaka naye akohoe. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba mtu yule anaondoka polepole tukimwangalia, na kwamba mtu wa pekee aliyekuwapo karibu naye kutwa nzima ndiye asiyeruhusiwa kumgusa.

Harufu ndiyo iliyotupeleka kliniki. Nilipofua shuka nikaona limelowa mahali ambapo si pa mkojo, nikamwambia mume wangu, naye akamwambia baba mdogo, na Jumatatu tukamlaza mzee katika gari la jirani. Daktari wa mazoezi, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mwanamke wa Kikipsigis, mrefu, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mkamuaji. Alimgeuza mzee upande, akaona kidonda chini ya kiuno. Kisha akaweka vidole juu ya bega, taratibu sana, na mzee akaguna kabla hajabonyeza.

"Asubuhi mnamwinua aje?" akauliza.

Baba mdogo akamwonyesha kwa mikono yake hewani, akijivunia kidogo.

"Hiyo si kuinua. Hiyo ni kuvuta. Nyama yenye inashika hii pega imelala, haiwezi kushika. Nyinyi mnavuta mfupa inatoka mahali yake. Hii maumivu haikuletwa na ugonjwa. Ni nyinyi."

Alisema pega badala ya bega, na mimi hata katika hofu ile nikataka kucheka, kisha nikakumbuka jinsi sisi Wakisii nasi tunavyoyapinda maneno ya Kiswahili, nikatulia. Baba mdogo alikuwa ameangalia chini. Nilimhurumia. Alimpenda ndugu yake kuliko watu wengi wanavyopenda wake zao.

"Na mnasema anapumzika," daktari akaendelea. "Huyu hajachoka. Huyu amelala sana. Akiendelea kulala hivi kidonda itaingia ndani, kifua itajaa, na hapo hata mimi sina kitu ya kufanya. Nani anashinda na yeye mchana?"

"Ni huyu," baba mdogo akanionyesha kwa kidevu, "lakini huyu hawezi."

"Hawezi aje? Ako mgonjwa?"

"Ni mke wa kijana yake."

Daktari aliniangalia, akamwangalia mzee ambaye alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilitarajia atukemee kwa ushamba wetu. Hakutukemea. Alivuta kiti akaketi.

"Hata sisi tuko na hiyo," akasema. "Bwana yangu na mama yangu mpaka leo wanasalimiana mlango ikiwa katikati. Kwa hivyo mama, usimshike yeye. Shika leso."

Alichukua leso yangu mabegani bila kuniomba, akaikunja mpaka ikawa mshipi mpana, akaifunga kiunoni mwa mzee na kunionyesha mahali pa kushika kwa nyuma. Akatoa shuka dogo, akalipitisha chini ya goti, akanionyesha jinsi ya kuinua mguu kwa shuka, kuukunja, kuunyoosha, bila ngozi kukutana na ngozi. Akanionyesha mito: mmoja chini ya mkono ili bega lisining'inie, mmoja mgongoni anapolala upande. Alisema ageuzwe upande mara kwa mara kutwa nzima, na mkono ule usivutwe tena na mtu yeyote, hata mchungaji. Nilifanya pale mbele yao, na mara ya kwanza shuka likanitoroka.

"Na akianguka?" nikamuuliza.

"Anaweza anguka. Nitakudanganya aje? Lakini kwa kitanda anakufa bila kuanguka."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mgonjwa haulizwi uji, watu husema, lakini mimi nilitaka mtu aulizwe kitu. Nilimpigia mume wangu simu. Nilisikia mashine za kiwanda nyuma yake. "Mimi siko huko," akasema. "Wewe ndio uko. Fanya vile daktari amesema." Ilikuwa rahisi kwake, alikuwa akishika mashine tu.

Baba mdogo yeye alikuja hadi jikoni kwangu, akasimama nje, akaongea na mlango.

"Mke wetu, mimi sikukatazi. Yule daktari najua amesoma. Lakini wewe ni mtoto wa watu. Akifa mikononi mwako, tutawaambia nini watu?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sababu yalinikaa. Nilijua vizuri watu wangesema nini: mke yule alivunja heshima na mzee akafa kwa aibu. Ningeitwa hivyo sokoni Chepilat mpaka nizeeke. Lakini nikiacha, mzee angekufa akiheshimiwa, ana kidonda, uso ukutani. Nilizunguka nyumba yangu kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Kisha nikachukua leso na mto, nikaenda.

Nilikohoa mlangoni kama siku zote. Safari hii sikusimama pale. Nilivuka kizingiti cha chumba chake. Kilikuwa chumba cha kawaida tu, koti msumarini, Biblia, redio yenye betri zilizofungwa kwa mpira. Mzee aliponiona alifunga macho. Nilipitisha shuka chini ya goti lake nikiangalia ukuta, nikainua. Mguu ulikuwa mzito na, kitu ambacho sikutarajia, ulikuwa wa moto. Sijui kwa nini nilidhani utakuwa baridi. Nikaanza kuongea ili nisisikie kimya: nikamwambia ng'ombe mweusi anakataa kutoa maziwa, mvua ya jana ilipasua majani, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mboga yangu ya saga. Niliongea kama mtu aliyewekewa sumu ya maneno. Yeye hakufungua macho. Nilipomaliza nilitoka, nikaketi nyuma ya zizi, nikalia kwa woga.

Kesho yake nilirudi. Na kesho yake. Hofu haikupungua, tuliizoea tu, kama mtu anavyozoea moshi. Mabadiliko ya kwanza yalikuja begani. Baada ya mito na kutovutwa, na kuusogeza mkono polepole ndani ya leso mpaka pale anapoguna na si zaidi, asubuhi moja nilimkuta amelala usingizi mzito, na uso wake haukuwa umekunjamana. Nilidhani amekufa. Nilikimbia hadi kitandani nikaweka sikio karibu na mdomo wake, na pumzi ikanigusa shavu. Nilirudi nyuma hadi mlangoni kwa haraka ambayo ilimwamsha. "Mama," akasema, na akaangalia paa, "hapaumi."

Baada ya bega ikaja kazi ya kukaa. Namgeuza upande, miguu inashuka, namsukuma kwa mgongo hadi aketi ukingoni mwa kitanda, anayumba huku na huko, mimi nimeshika leso kiunoni kwa nyuma. Kidonda kilianza kukauka kingo. Tukarudi kliniki, na daktari akasema sasa asimame, na akanionyesha kitu ambacho kilinikosesha usingizi: goti langu lizuie goti lake la kushoto, kwa mbele, lisikunjike. Ana kwa ana. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema iko, nitafute wanaume wa kushinda nyumbani siku nzima. Tukacheka wote wawili kicheko kifupi. Wanaume wa kushinda nyumbani siku nzima wapo, lakini wote wako kwa pombe.

Basi tukasimama. Yeye akiangalia dirisha juu ya bega langu, mimi nikiangalia kifungo cha shati lake, mto mdogo katikati ya magoti yetu kwa ajili ya heshima. Alikuwa mrefu kuliko nilivyojua. Sikuwa nimewahi kusimama karibu naye kiasi cha kujua.

Siku ya mvua ya mawe tulikuwa katika hali hiyo. Ilianza ghafla, kama huku kwetu inavyoanza, mawingu yakashuka kutoka upande wa Kericho na mabati yakapigwa mpaka nisisikie hata sauti yangu. Nilisema "kaa" na hakusikia. Aligeuza kichwa kuangalia chai yake ikikatwa huko nje, uzito ukahamia kushoto, goti likaruka upande, mto ukaanguka, na mzee mzima akanishukia. Niliachilia leso. Nilimkumbatia kwa mikono miwili, kifua kwa kifua, tukashuka chini pamoja, mimi mgongo ukisugua ukuta. Tukafika sakafuni yeye akiwa juu ya mapaja yangu na kichwa chake shingoni mwangu. Hakusogea. Nikaita, "Baba! Baba!" na mawe yakameza sauti. Niliwaza: sasa amekufa, na amefia mikononi mwangu kama ilivyosemwa. Niliogopa hadi nikahisi baridi kwenye meno.

Na hapo baba mdogo akaingia, amejifunika gunia, akikimbia mawe. Alituona. Kwa muda aliokaa pale sijui nani kati yetu watatu aliyeaibika zaidi. Kisha akatugeuzia mgongo, akabaki amesimama mlangoni akitazama mvua, gunia likidondosha maji.

Nilihisi kifua cha mzee kikipanda. Akavuta pumzi ndefu.

Baba mdogo akasema kwa nguvu bila kugeuka, "Niite watu wamtoe hapo?"

Nilisubiri mzee aseme ndiyo. Ningefurahi. Ningerudi jikoni kwangu na nisimshike tena maishani.

"Hapana," mzee akasema. Alikuwa akitafuta kila neno. "Watavuta mkono. Yeye anajua."

Basi nikafanya nilivyofundishwa. Nilimlaza upande mzuri, nikakunja goti, nikamwambia baba mdogo asukume kiti nyuma nyuma, naye akakisukuma bila kuangalia, kwa kisigino. Mzee akaegemea kiti kwa mkono wake wa kulia, mimi nikashika leso kiunoni, na kwa shida, kwa kuguna, kwa kupumzika katikati, akapanda. Alipoketi wote watatu tulikuwa tukihema. Mvua ilikuwa imegeuka kuwa ya kawaida. Baba mdogo alienda bila kuaga, na jioni alirudi na fimbo ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe, akaiegemeza mlangoni. Hatukuizungumzia habari ile tena hadi leo.

Kwa fimbo hiyo alijifunza kutembea, kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni, mimi nyuma nimeshika leso kama mtu anayeongoza ndama, kisha hadi barazani, kisha uani. Mguu ule wa kushoto aliuburuta, akauzungusha, akautua. Daktari alisema hautakuwa wa zamani, lakini utabeba. Kidonda kilipona. Mkono ulibaki dhaifu, bega likawa linauma siku za baridi tu, na alijua mwenyewe kulisugua na kulisogeza. Kliniki wakasema tuje mara chache.

Ilikuwa mchana, mvua imeisha punde, ua umelowa na udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Nilienda na leso kama kawaida. Mzee alikuwa ameketi barazani, amevaa gambuti. Sijui alizivaaje. Nilipokunjua leso aliinua mkono wake wa kulia.

"Acha, mama."

Nikasimama.

"Umenifanyia kazi kubwa," akasema, akiangalia mlima. "Mungu ameona. Sasa turudi vile tulikuwa."

Nilielewa. Nilipaswa kufurahi, na furaha ilikuwapo mahali fulani, lakini kilichonijaa kilikuwa woga mkubwa kuliko ule wa siku ya kwanza. Siku zile nilikuwa nikiogopa kumshika. Sasa niliogopa kutomshika. Alishika fimbo, akajisukuma, akasimama. Akayumba. Mikono yangu ikaondoka yenyewe na nikaikamata, nikaikunja ndani ya leso, nikarudi nyuma hatua, nikainamisha kichwa kama inavyompasa mke wa mtoto. Lakini macho sikuyainamisha.

Alishuka kutoka barazani. Fimbo ilizama kwenye matope akaing'oa. Alikuwa akielekea kwenye chai, ile mistari ya juu aliyoipanda kwanza. Niliacha nafasi ya heshima kati yetu na nikamfuata, na kila alipotua mguu wa kushoto mimi nilibana pumzi. Katikati ya ua alisimama. Fimbo ilikuwa ikitetemeka. Hakuweza kugeuka kuniangalia, kwa sababu akigeuka angeanguka, na wote wawili tulijua hivyo.

"Uko?" akauliza.

"Niko, Baba."

"Usinishike."

"Sikushiki."

Akaenda. Nami nikaenda nyuma yake, mikono imefungwa ndani ya leso.